Dhahabu Ndani ya Kofia

Mimi ni mutu wa hasira, na sioni haya kusema. Banafunzi ba institut yetu hapa Butembo bananiita Mama Moteur, juu ya jenereta ninayowasha kila asubuhi na juu ya mudomo wangu unaowaka pamoja nayo. Jina langu ni Godelive. Ni mimi ninashika funguo za labo ya fizikia, ninafuta vumbi, ninachunga moteur isikunywe mazutu bure, na mutu akiingia na viatu vya matope ninamufukuza, hata awe profesa. Donc mukisikia kwamba mbele ya papa Fadhili nilikaa kimya, musidhani ni upole umenipata uzeeni. Nilikosa tu mutu wa kugombeza.

Habari yenyewe ni ya Kavuo. Kavuo ni mutoto mwanamuke wa Luofu, kule kusini ya Lubero. Baba na mama yake ni balimaji, vita ikabatoa kwao, sasa banalima shamba ya batu pembeni ya muji. Ule mutoto alisoma fizikia mupaka akabakia peke yake darasani, juu benzake bote balikimbilia informatique na gestion. Na ndani ya fizikia yenyewe akachagua kitu ambacho, siku aliponielezea, nilicheka mupaka nikashika tumbo.

— Mama Gode, ukiweka vyuma viwili karibu-karibu kabisa, bila sumaku, bila courant ya umeme, bila hata hewa katikati, vinavutana.

— Nani anavivuta?

— Utupu.

— Utupu! Weye mutoto, njaa imekupanda kichwani. Kwenda kula kwanza, kisha urudi tuongee.

Hakukasirika. Yeye hakuwa na kasirani, hiyo ndiyo ilikuwa inanichokesha kwake. Akakamata mabasini yangu mawili ya aluminiamu ya kufulia vitambaa, akayasimamisha moja mbele ya lingine, akanieleza polepole. Kumbe utupu hauko mutupu kabisa. Hata ukitoa hewa yote, ukitoa joto na mwangaza, kunabakia kutetemeka kudogo, mawimbi ya kila ukubwa. Katikati ya vyuma viwili yale mawimbi makubwa hayapati pa kukaa, na inje yanakaa yote. Basi inje inasukuma kuliko ndani, vyuma vinasogeleana. Na vikizidi kusogeleana, nguvu nayo inazidi, haraka sana.

— Na kuizima, munaizima namna gani?

— Haizimiki, mama Gode. Courant unaikata. Sumaku unaiondoa. Ile, utaondoa nini? Hakuna mutu aliiweka.

Hapo nikaacha kucheka. Nilirudisha mabasini yangu mahali pake, moja mbali na lingine.

Kwa vyuma bapa, batu balishapiga hesabu zamani. Kavuo yeye alifuata vile vilivyopinda: kampira kadogo kanakoangalia ndani ya kabakuli. Hesabu ya zamani inakata lile pindo vipande bapa vidogo-vidogo, kama vile kwao Luofu banavyokata mulima matuta ya kupandia viazi, kisha inajumlisha. Kavuo akasema hapana, mulima hauko matuta, lile pindo lenyewe linabadilisha mawimbi. Hesabu yake ilitoa nguvu tofauti na ile ya matuta. Tofauti kidogo sana, mais iko. Alikuwa amejaza ubao wote wa labo kwa chaki, na mimi nilikuwa nimekatazwa kuufuta.

Hesabu peke yake haikutosha. Kuna université moja ya Ulaya, bale balitupatia mashini yetu ya kupima nguvu ndogo-ndogo. Balimukubalia Kavuo nafasi ya doctorat kwa sharti moja: apime yeye mwenyewe, hapa Butembo, aonyeshe matokeo kabla ya mwaka wa masomo kufunga. Akipima, anaenda. Asipopima, nafasi inapewa mutu mwingine. Kwao Luofu, hata hapa pembeni banapolima, hakuna mutu wa ukoo wake aliwahi kumaliza secondaire. Mama yake alikuwa akinikuta sokoni ananishika mikono miwili, ananiambia, mama Gode, unichungie ule mutoto. Kama vile mimi ndiye jury.

Sasa bale bazungu bakatengeneza kipande kimoja, kwa ajili yake tu. Niliona picha yake kwa simu. Kipande chote hakishindi ukucha wa kidole. Juu yake kuna kaulimi kembamba, na kwa ncha ya kaulimi kuna kampira ambako kwa macho yako utasema ni vumbi. Mbele yake kuna kabakuli. Vyote vimepakwa dhahabu, juu dhahabu haipati kutu. Kati ya kampira na kabakuli kuna nafasi, na mbele ya ile nafasi unywele wa kichwa ni gogo. Wakati wa safari, kachuma kamoja kanazuia kampira kasiguse kabakuli, mupaka siku mashini yenyewe itakapokashika.

— Kale kachuma kakitoka mbele ya wakati, Kavuo aliniambia, kampira kataruka ndani ya kabakuli, na hakatatoka tena.

Aliniambia hivyo mara nyingi mupaka nikamuambia basi, nimesikia, mimi si kiziwi.

Kolis, ule muzigo wenyewe, ikapita Uganda, ikaingia Kasindi, ikafika Beni. Kutoka Beni ilikuwa ipande ndege ndogo mupaka Rughenda, pale uwanja wetu. Mais mvua ilikuwa imepiga, pisti ni matope, kila siku banatuambia kesho. Kavuo alikuwa anaenda Rughenda asubuhi, anarudi mangaribi, viatu mukononi. Mwisho wake akasema: nampigia papa Fadhili.

Papa Fadhili ni transporteur wa Beni, anakaa mutaa wa Beu na bibi yake Nasiba, ana jeep moja ya kijani. Pale parking ukisema nimepatia Fadhili muzigo, batu banakuambia basi, kwenda kulala. Baba yake alikuwa anabebea bafanyabiashara dhahabu, miaka ile ya kutembea kwa muguu, na hajapoteza hata punje. Kule kwao kuna sheria mbili ambazo shofere anazijua mbele ya kujua kuendesha. Ya kwanza: kolis ya mutu haifunguliwi. Ya pili: dhahabu haiachwi ndani ya gari, dhahabu inakaa mwilini. Kwa sheria ya kwanza shofere anapata jina lake. Kwa ya pili anapata kurudi nyumbani muzima.

Siku ile ya safari tulikaa labo tangu asubuhi. Nilikuwa nimesugua meza mara tatu, bure tu, ili mikono ishike kitu. Kisha chef Abdias, mukubwa wa section yetu, akaingia na simu mukononi, na mimi nikaona uso wake nikaacha kusugua.

— Jeep ya Fadhili imesimamishwa kwa makona ya barabara pale Kabasha, alisema. Mabandi. Balimupiga. Iko batu ba piki-piki balimuokota, banamuleta hapa Butembo, hospitali.

Kavuo akaketi chini, kwa simenti.

— Na sanduku?

— Sanduku balichukua.

Hapo nikawaka. Nikamuambia: Kavuo! Mutu amepigwa, unauliza sanduku? Mama yako alikulisha nini? Nikasema na mengine ambayo sitayaandika hapa. Yeye akaanza kulia kwa haya, amefunika uso kwa blouse yake nyeupe ya labo. Kisha mimi mwenyewe nikaona aibu, nikamuinua, tukaenda.

Hospitalini tulimukuta papa Fadhili kitandani, mikono yote miwili imefungwa ndani ya plâtre ngumu ya mifupa, toka kiganja mupaka juu ya kiwiko. Mudomo umevimba. Na anacheka! Yesu Maria, ule muzee alikuwa anacheka. Nasiba alikuwa ameshafika kutoka Beni kwa piki-piki, kwa barabara ile ile, na ukimuuliza kama hakuwa na woga, anakuangalia kama mupumbavu. Pembeni ya kitanda bashofere benzake batatu bamekaa juu ya mutungi na ndoo zilizopinduliwa.

— Kavuo, mutoto wangu, ingia, Fadhili akasema. Usilie. Balichukua sanduku tu.

Kavuo akabakia mulangoni.

— Sikia, sikia vizuri. Nilipofika kupokea ile kolis, nikaona bameandika juu yake herufi kubwa hivi: SAMPULI, DHAHABU. Kwa Kifaransa, nyekundu! Nikamuambia Nasiba, bale bazungu banataka nife? Mimi niko napita Kabasha na sanduku linapiga kelele dhahabu, dhahabu? Wallahi, sijafungua kolis ya mutu tangu nizaliwe. Mais dhahabu si kolis. Dhahabu nilifundishwa na baba yangu.

Bashofere bakatikisa vichwa. Hiyo kila mutu anajua.

— Nikafungua. Ndani kuna sanduku lingine, ndani yake chuma kizito, kimekazwa kwa vis kila mahali. Nikazitoa moja-moja, polepole. Ndani kabisa nikaona kale kanakongaa. Nikasema, ehe, ni kale. Nikakafunga ndani ya sashe ya plastiki, nikakaza vizuri, mafundo mawili. Nasiba akakashona ndani ya kofia yangu, katikati ya vitambaa viwili. Sanduku nikajaza maharagi lisiwe jepesi, nikaliweka siti ya mbele kabisa balione!

Bashofere bakacheka, moja akapiga ndoo yake kwa mukono.

— Balipouliza dhahabu iko wapi, nikasema, si hiyo hapo kwa siti, mukamate mwende. Mais banapenda kupiga, bale. Balitafuta kichwa kwa kitako cha bunduki. Mimi nikaweka mikono juu ya kofia, hivi. 

Fadhili akajaribu kutuonyesha, plâtre ikainuka kidogo ikaanguka.

— Balipiga mupaka bakachoka. Mikono inapona. Kofia haijaguswa.

— Fadhili ni mwanaume! moja akasema.

Mimi nilikuwa naangalia Kavuo. Alikuwa ameshasogea karibu ya kitanda.

— Papa, alisema. Ndani kulikuwa kachuma kadogo kengine. Kamekingama mbele ya kale kanakongaa. Kako wapi?

— Kale keusi? Kalikuwa kanazuia kutoka, nikakatoa. Hakakuwa dhahabu. Nilibeba dhahabu tu, vyuma vyote niliachia bezi.

Nasiba akashika kofia iliyokuwa chini ya muto, akakata uzi kwa meno, akatoa kasashe kadogo kamekazwa mupaka kamekuwa kagumu, akakaweka ndani ya mukono wa Kavuo. Mimi nilikuwa nimeshafungua mudomo. Nilikuwa na maneno, batu ba Butembo, nilikuwa nayo mengi! Nani alikutuma? Nani alikuambia ukuwe na akili? Kisha nikaona vidole vyake vinavyotoka mwisho wa plâtre, vimevimba, vya rangi ya biringanya. Nikafunga mudomo. Kavuo alisema aksanti papa, kisha wasingya, aksanti ya luga yetu, akainama, tukatoka.

Kesho yake asubuhi niliwasha moteur mapema. Kavuo akafungua mafundo kwa pensi, akaweka kipande chini ya mikroskopu. Akaangalia muda murefu. Kisha akaniachia nafasi niangalie.

Kampira kalikuwa ndani ya kabakuli, kamekaa kama yai ndani ya kiota. Pembeni kulikuwa na kauzi keupe ka kofia.

— Labda kataachia, nikasema.

— Labda, akasema, kama vile mutu anayemujibu mutoto.

Alifanya yote yaliyofanyika. Alikausha kipande chini ya taa, juu ya jasho ya kichwa cha muzee na maji ya hewa yaliyoingia. Akakifunga ndani ya mashini, tukatoa hewa, nikasikia pompu inalia weee mupaka ikanyamaza. Akaanza kuvuta kaulimi, kidogo, kidogo kabisa. Kwa ekrani kulikuwa na mustari unaoshuka. Kila akivuta, kaulimi kanapinda na mustari unashuka, kampira hakatoki.

— Achia! nikasema kwa ekrani. Achia, weye! Mungu Nyamuhanga, si uachie tu!

Nilikuwa napigia kelele kitu nisichokiona. Kavuo alikuwa anavuta na jasho linamushuka puani. Mustari ukashuka, ukashuka, kisha ukaruka juu, ukalala bapa kwa zero kama vile hakuna kitu kilitokea.

— Kaulimi kamekatika, Kavuo akasema.

Nikangoja alie. Hakulia. Aliangalia ule mustari, na nikaona midomo yake inacheka kidogo, na ile cheko ilinitisha kuliko machozi.

— Ile nguvu iko, mama Gode. Uliona namna ilishika? Iko kweli. Sasa sitaweza kusema ni ngapi.

Kulalamikia nani? Mabandi hawakugusa kipande. Bazungu baliandika ukweli juu ya sanduku. Fadhili alifanya kile kila mutu mwenye akili wa Beni angefanya. Nilitembea ndani ya labo natafuta mutu wa kupiga, nikapiga basini langu la aluminiamu teke, likazunguka mupaka chini ya meza. Kavuo akaliokota.

Chef Abdias si mutu mubaya. Siku ile ile aliongea na bale ba Ulaya, akarudi na uso umefunguka.

— Batatengeneza kingine, alisema. Na nafasi batakushikia. Mais banataka kujua kosa lilitokea wapi. Kama ni safarini, hakuna shida. Kama ni labo, basi ni mutafiti amevunja, na imekwisha. Na kaulimi kamekatika hapa, Kavuo, mukononi mwako. Donc tunaenda kwa Fadhili, anasema mbele yangu kwamba alifungua na akatoa kizuizi, kikaharibika. Maneno mawili tu. Si alishasema mwenyewe mbele ya batu?

Ilikuwa kweli. Hata mimi niliona ni rahisi. Nilimufungia Kavuo kitambaa vizuri kichwani kama vile tunaenda harusi, tukaenda batatu.

Kwa koridoo ya hospitali Nasiba alinishika, akanivuta pembeni. Munganga alikuwa amemuambia asubuhi ile: mukono wa kushoto utapona, wa kuume, mufupa umesagika na misuli imekatika, hautashika usukani tena. Fadhili hajui. Nasiba alisema atamuambia, mais hapana leo, leo bakubwa ba chama ya bashofere bamekuja kutoka Beni kumupa pole. Alisema hivyo bila machozi, akafuta mudomo kwa pembe ya kitambaa chake, akaingia mbele yangu.

Ndani kulijaa. Bakubwa ba chama bamekaa kitandani kwa miguu ya mugonjwa, muzee wao mwenye kanzu amekamata thermos ya chai. Abdias akasalimia, akasafisha koo, akaongea ile Swahili yake ya bureau.

— Papa Fadhili, tunakushukuru. Tunaomba tu uthibitishe kwamba ulifungua kolis, kwamba kuna kitu kilikuwa ndani, na kwamba kile kitu hakiko tena.

Yule muzee akaweka thermos chini.

— Hakiko tena? Fadhili akasema. Nini hakiko?

— Papa, Kavuo akasema haraka, si hivyo. Kulikuwa nafasi. Kati ya kale kampira na kabakuli kake. Kidogo sana. Ile nafasi ndiyo tulikuwa tunangoja.

— Dhahabu ilipunguka?

— Hapana, papa.

— Ndani ya ile nafasi kulikuwa nini?

Kavuo aliniangalia. Mimi nitamusaidia na nini? Mimi Mama Moteur?

— Hakukuwa kitu, papa.

Nikaona ule uso wa Fadhili uliovimba unabadilika, na hiyo sitaki kuiona tena maisha yangu yote.

— Banasema nimeiba, akamuambia Nasiba.

— Hapana! nikasema. Hapana mutu amesema hivyo!

Mais nani ananisikia? Nasiba alikuwa ameshamwaga kapu lake juu ya kitanda: kitana, sabuni, kanga, mandazi mawili ndani ya karatasi. Analia sasa, analia kwa sauti, munitafute, mimi ndiye nilishona, munitafute mwilini! Fadhili anaita Kurani iletwe aape. Kisha akaangalia plâtre zake, akauliza ataweka nini juu yake. Moja wa bakubwa akainamisha kichwa.

Yule muzee mwenye kanzu akainua mukono, batu bakanyamaza. Hakuwa mukali. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba Fadhili amefungua, na amefungua kwa ajili ya dhahabu, hiyo haina neno. Mais kwa dhahabu kuna desturi. Mupokeaji anasema mbele ya batu kama amepata yote. Akisema amepata, mutu haulizi tena, hata awe nani. Akisema imepunguka, au asiposema kitu, jina la shofere linatoka kwa chama, naye hapewi tena mizigo, hata jeep yake kijana mwingine akiiendesha hapewi.

— Binti, akasema, wewe ndiye mupokeaji. Hatujakusikia bado.

Mimi nilijua. Nilijua kabla yeye hajafungua mudomo, nikamushika mukono kwa nguvu. Nilitaka kumuambia ngoja, Kavuo, tutoke kwanza, tuongee, kuna namna. Hakukuwa na namna. Jeep ndiyo ilibakia kwa ile nyumba ya Beu, jeep na jina. Abdias aliinama kwa sikio lake, nikasikia: Kavuo, fikiri, nikitoka hapa nitaandika kile utakachosema.

Akatoa mukono wangu juu ya wake, polepole, kidole kwa kidole.

— Nimepata yote, alisema. Papa Fadhili alinipatia yote, haikupunguka kitu. Ni mimi nilivunja, labo, nikivuta.

Muzee akasema basi. Bengine nabo bakasema basi, basi, alhamdulillah, na chumba kikaanza tena kuongea. Nasiba alikuwa anaokota sabuni chini ya kitanda. Abdias akavua miwani, akaifuta, akatoka inje bila kuaga.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na hasira yangu yote, na haina pa kwenda. Ningemupigia nani kelele? Yule mutoto alikuwa amejifungia mulango mbele ya macho yangu, na kila mutu ndani ya kile chumba alikuwa mutu muzuri.

Fadhili alikuwa analia, machozi yanamuingia masikioni juu hawezi kuyafuta. Kavuo akakamata pembe ya shuka, akamufuta.

— Sikukasirika na weye, Fadhili akamuambia. Ni yule chef wako na Swahili yake ya bureau. Sasa sema, ile safari yako ya Ulaya ni lini?

— Ukipona, papa.

— Eh, vizuri! Usitafute gari ingine. Nitakupeleka mimi mwenyewe mupaka Kasindi, siti ya mbele, na haulipi kitu. Nasiba, umesikia? Nikitoka hapa tu.

— Nimesikia, Nasiba akasema chini ya kitanda.

— Ndiyo, papa, Kavuo akasema. Utanipeleka.